Kumpa mzabuni usafi, ulinzi na kantini ya chuo Mtwara au Lindi: hesabu, mkataba na usimamizi

Mikataba mingi ya usafi na ulinzi vyuoni huharibika siku ya kufungua zabuni, ingawa harufu yake husikika mwezi wa nne au wa tano wa mkataba. Bei iliyoshinda haitoshi kulipa mishahara ya watu ambao chuo kinaamini kitawapata. Kampuni inaanza na watano, inabaki na watatu, mshahara unachelewa, wasafishaji wanagoma wiki ya mitihani, na chuo kinaita vibarua wa dharura huku bado kinadaiwa na mzabuni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni hesabu. Mwenye hesabu yake mkononi kabla ya kutangaza zabuni hapati tabu kuitambua bei isiyowezekana.

Kwanza amua kipi hakitoki mkononi mwa chuo

Usafi wa madarasa, vyoo na viwanja unaweza kutoka. Ulinzi wa mageti na mzunguko unaweza kutoka. Ufunguo mkuu, chumba cha umeme, stoo ya kemikali za maabara, chumba cha mitihani na ulezi wa hosteli vibaki kwa watumishi wa chuo. Mzabuni asafishe chumba cha mitihani, lakini afunguliwe na kufungiwa na mtumishi aliyesaini.

Kibaki pia chuoni mtu mmoja anayejua kazi yenyewe, mara nyingi Afisa Miliki (msimamizi wa majengo na mali za chuo), anayeweza kutazama sakafu na kujua kama imedekiwa kwa maji ya tatu au ya kumi na tatu. Chuo kinachotoa huduma zote na ujuzi wote kwa pamoja hakina tena wa kumbishia mzabuni.

Kama kuna watumishi wa ajira wanaofanya kazi hizo sasa, usiwaambie tu kwamba kampuni inakuja Jumatatu. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka taarifa, sababu na mashauriano kabla ya kupunguza watu kwa mahitaji ya uendeshaji, na vyama vya wafanyakazi vya RAAWU na THTU vinakijua kifungu hicho kwa moyo. Njia nyepesi ni kuacha nafasi zipungue kwa kustaafu, na mzabuni apewe majengo mapya kwanza.

Pima kazi kwa saa

Tangazo linalosema "kufanya usafi wa chuo chote" ni mwaliko wa ugomvi. Chukua futi kamba na daftari, zunguka jengo kwa jengo. Viwango vifuatavyo vinafaa kwa kazi ya mkono, fagio na dekio, bila mashine:

- darasa lenye viti vya kuhamisha: mita za mraba 160 kwa saa
- korido na ngazi: 250 kwa saa
- ofisi zenye meza, makabrasha na kapu la taka: 100 kwa saa
- kufagia uwanja na kuokota taka: 600 kwa saa
- tundu la choo pamoja na sehemu yake ya sinki: dakika 6 kwa kila mzunguko

Tuseme kampasi ndogo ina madarasa 12 ya mita 80 (mita 960, saa 6), korido za mita 700 (saa 2.8), ofisi 20 za mita 15 (saa 3), uwanja wa mita 4,000 (saa 6.7) na matundu 24 yanayosafishwa mara tatu kwa siku (saa 7.2). Jumla ni saa 25.7 kwa siku. Wiki ya kazi kisheria haizidi saa 45, yaani saa 7.5 kwa siku sita. Ukitoa kubadili nguo, kuchota maji na kupumzika, mtu hubaki na saa 6.5 za kazi halisi. Gawanya: unapata watu wanne.

Wanne hawatoshi. Kila mmoja ana likizo ya mwaka ya siku 28, kwa hiyo kuna siku 112 kwa mwaka ambazo mmoja wao hayupo, na hapo hujahesabu ugonjwa wala msiba. Weka watano, mmoja wao akiwa msimamizi anayeshika fagio pia. Jumapili zamu iwe ya mtu mmoja kwa vyoo na mapipa tu, na siku yake ya mapumziko ihamie katikati ya wiki.

Angalia pia kalenda. Likizo ndefu ikifika, madarasa yanafungwa na vyoo vya hosteli vinatumika na wachache. Mkataba wa bei moja kwa miezi 12 unamlipa mzabuni kusafisha vumbi lisilokanyagwa. Andika viwango viwili, cha muhula na cha likizo, pamoja na tarehe. Ila usishushe cha likizo hadi sifuri, kwa maana mzabuni atawaachisha watu wake na wale watakaorudi Oktoba au Novemba watakuwa wageni. Muda huo utumike kwa kazi nzito: kusugua kuta, kufua mapazia, kuzibua mifereji kabla mvua za Desemba hazijaanza.

Toka kwenye saa, nenda kwenye shilingi

Tuchukue mshahara wa 200,000 kwa mwezi kama mfano wa hesabu tu. Wewe tumia Amri ya Kima cha Chini inayotumika siku ya zabuni, kwa sekta husika, kwa maana kima cha ulinzi binafsi na cha usafi si kimoja. Ongeza mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, ambao ni 20,000. Ongeza Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), asilimia 0.5, ambayo ni 1,000. Mtu mmoja ni 221,000, na watano ni 1,105,000. Hapo hujaweka tozo ya ufundi stadi (SDL) ambayo inamgusa mwajiri mwenye watu kumi au zaidi, hujaweka sabuni, gambuti, glovu, posho ya msimamizi wala faida.

Sasa mzabuni analeta bei ya 1,250,000 kwa mwezi, VAT ndani. Kwa macho inaonekana inatosha. Gawanya kwa 1.18: inabaki 1,059,322. Fedha hiyo haifiki hata mishahara na michango ya watu watano. Kampuni hii, tupende tusipende, itaiba mahali: itapunguza watu, itakata NSSF bila kupeleka, au itachanganya sabuni na maji hadi iwe maji. Kabla ya kumpa kazi, mwandikie alete mchanganuo wa bei mstari kwa mstari. Akishindwa kuonyesha mshahara halali unatoka wapi, kamati ya tathmini ina sababu ya maandishi ya kumwacha, tena sababu inayosimama akikata rufaa.

Linganisha bei zote bila VAT. Kampuni isiyosajiliwa VAT hairuhusiwi kuitoza, na ukiichanganya na zilizosajiliwa utalinganisha vitu viwili tofauti. Kumbuka pia chuo hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Mzabuni mchanga asiyejua hilo hushtuka kwenye malipo ya kwanza, na mshtuko huo huwafikia wafanyakazi.

Lindo moja la saa 24 linahitaji walinzi wangapi?

Wengi husema wawili, mmoja mchana na mmoja usiku. Hesabu: saa 24 mara siku 7 ni 168. Kwa wawili kila mmoja anafanya saa 84 kwa wiki, yaani ziada ya 39, na kwa wiki nne ni 156. Sheria inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kwa watatu, kila mmoja ana saa 56, ziada 11, kwa wiki nne 44. Hiyo inapita chini ya dari, lakini hakuna nafasi hata ya mmoja kuumwa, na kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Gawanya 168 kwa 45 upate 3.73. Nunua wanne kwa kila lindo.

Kuna kipimo kidogo cha kumjua mzabuni aliyeisoma sheria. Kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwa mshahara wa mfano wetu, saa moja ni kama shilingi 1,026, nyongeza ni 51, na usiku 30 wa saa 10 ni kama 15,400 kwa lindo kwa mwezi. Ni fedha ndogo. Lakini kampuni ambayo mstari huo haupo kabisa kwenye mchanganuo wake, mengine pia haijayahesabu.

Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka ni msimu wa korosho. Maghala ya vyama vya msingi yanajaa, minada inaendelea, na kila ghala linataka mlinzi. Kampuni inaweza kumhamisha mlinzi wako aliyezoea kampasi na kukuletea kijana wa jana asiyejua geti la nyuma liko wapi, na hayo hutokea wiki zile zile wanafunzi wapya wanaporipoti na mabegi. Weka sharti: mlinzi hahamishwi bila taarifa ya siku 7, na anayeingia afanye zamu mbili pamoja na anayetoka. Upande wa usafi, baadhi ya wasafishaji huenda mashambani Newala, Tandahimba au Ruangwa kwa familia zao. Usipambane na korosho. Mtake mzabuni awe na orodha ya akiba ya watu wawili waliokwisha fundishwa kazi.

Silaha iwe geti kuu tu, kama kweli inahitajika, na nakala ya leseni ibaki faili la chuo. Hosteli inalindwa na taa zinazowaka, daftari la wageni na filimbi.

Sabuni, dawa na maji

Hapa ndipo wizi mdogo mdogo hufanyika, na hapa ndipo kipimo ni rahisi. Kwa kampasi ya mfano, ndani kuna kama mita 1,960 za sakafu. Ndoo ya lita 10 inadeki mita 50 kabla maji hayajawa tope, kwa hiyo ni ndoo 39 kwa siku. Mililita 50 za sabuni kwa ndoo ni karibu lita 2. Vyoo ni matundu 24, mara tatu, mililita 30 kila mara: lita 2.2 hivi. Kwa siku 26 unafika lita 107 kwa mwezi. Mzabuni aliyeandika lita 20 ama hajui kazi au amekusudia. Mwagize alete sabuni ya mwezi mzima tarehe 1, ihesabiwe stoo ya chuo, itolewe kila asubuhi kwa daftari.

Akiba isipungue ya wiki tatu. Vifaa vingi hutoka Dar es Salaam, na barabara ya pwani ni moja. Baada ya kimbunga Hidaya cha Mei 2024 ilikatika maeneo ya Kilwa na magari yakakwama. Sharti la akiba huonekana la kuudhi mpaka mvua ya namna hiyo irudi.

Maji ni ugomvi mwingine unaozuilika. Ndoo 39 pamoja na lita 10 kwa kila tundu kwa kila mzunguko ni kama lita 1,100 kwa siku. Simtanki la lita 5,000 la usafi pekee linabeba siku nne bomba likikauka. Likitumika pamoja na wanafunzi wa hosteli halifiki jioni. Mkataba useme nani analipa bili ya maji, nani anajaza tanki, na vyoo vipi vinafungwa kwanza maji yakiisha. Kama chuo kinategemea kisima chenye maji ya chumvi, sabuni haitoi povu na msafishaji ataongeza tu bila faida. Tumia maji ya mvua au ya bomba kudekia na ya kisima kumwagia choo.

Dawa za vyoo zenye asidi hung'arisha tundu haraka, na ndiyo sababu zinapendwa. Zinakula sakafu ya saruji na zinavua ngozi ya mabomba, ambayo tayari yanashambuliwa na upepo wa chumvi wa pwani. Ruhusu mara moja kwa wiki ndani ya tundu tu. Hatari kubwa ni kuchanganya asidi na jiki: hutoa gesi ya klorini, na kwenye choo kisicho na dirisha mtu anaweza kuanguka. Ziwekwe rafu tofauti, ndoo za rangi tofauti, na siku za kutumia zisikutane.

Jiki ya asilimia 3.5 inachanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji kwa matapishi, damu na kinyesi, na kipimo 1 kwa 34 kwa vitasa na sinki. Ichanganywe upya kila asubuhi. Joto na jua huimaliza nguvu. Kitambaa cha choo kikionekana ofisini, huo ni upungufu wa kuandikwa hata kama ofisi inang'aa.

Nyaraka na ushindani

Chuo cha umma, mfano kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) Mtwara, kinafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 na kinapitia NeST, mfumo wa Serikali wa zabuni za mtandaoni. Chuo cha binafsi kama STEMMUCO (Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris Mtwara) kina taratibu zake, lakini hakuna kinachokizuia kuazima mpangilio ule ule. Kwa taasisi za umma, asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka hutengwa kwa makundi ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Usiwape makundi hayo kipande kinachohitaji mtaji wa miezi mitatu. Kufyeka nyasi, kusafisha mifereji na kuzoa taka viwanjani kunawafaa: vifaa ni vichache na malipo yanaweza kuwa kwa kazi iliyopimwa.

Sifa za kuomba zisiwe ndefu. Usajili, leseni, TIN, cheti cha kutodaiwa kodi, usajili wa NSSF na WCF, na uthibitisho wa kumudu mishahara ya miezi miwili bila kulipwa. Hili la mwisho ndilo linalochuja. Vyuo huchelewa kulipa, tusidanganyane, na kampuni isiyo na akiba huugeuza uchelewaji wa chuo kuwa njaa ya mfanyakazi. Kudai uzoefu wa miaka 10 katika vyuo vikuu, kwa upande wake, hufukuza kampuni za hapa hapa na kubakiza za Dar es Salaam ambazo msimamizi wao atafika Mtwara mara moja kwa robo mwaka. Taka msimamizi anayekaa mjini, mwenye uwezo wa kufika ndani ya saa moja.

Kikao cha kutembelea eneo kiwe cha lazima. Aliyeyaona matundu 24 hawezi kusema alidhani ni 12.

Kukagua na kulipa

Mahudhurio yahesabiwe kwa kichwa saa 12:15 asubuhi, yasisomwe kwenye daftari la mzabuni. Mara moja kwa wiki, siku isiyotangazwa, Afisa Miliki na msimamizi wa kampuni wachague sehemu 10 kwa kura na kuzipa alama: 0 chafu, 1 imefanywa nusu, 2 safi. Alama 18 kati ya 20 na kuendelea, malipo kamili. 16 na 17, kata asilimia 5. 14 na 15, kata 10. Chini ya 14, kata 15. Ikijirudia wiki nyingine mwezi huo, barua ya onyo. Makato yapigwe kwenye malipo ya wiki husika, na wote wawili wasaini hapo hapo. Alama inayoletwa mwisho wa mwezi bila saini huishia kwenye mabishano.

Kwa ulinzi, weka vituo vya doria vyenye daftari dogo la kusaini saa, na piga simu lindoni saa 9 usiku mara moja moja. Kitu kikiibwa, mkataba ueleze fidia inadaiwaje: taarifa ndani ya saa 24, uchunguzi wa pamoja, kisha fidia kama mlinzi hakuwepo au hakufuata utaratibu. Kifungu kinachosema mzabuni atalipa kila kitu kilichopotea hakitekelezeki, kwa sababu laptopu iliyoachwa darasani na mlango wazi si kosa la mlinzi.

Kabla ya kulipa ankara, taka vitu vitatu vya mwezi uliopita: orodha ya mishahara iliyosainiwa na wafanyakazi, stakabadhi ya NSSF, na karatasi za alama. Stakabadhi ya NSSF iendane na majina. Orodha ya watano na mchango wa watatu maana yake unajua. Chuo nacho kijifunge: malipo ndani ya siku 30 tangu ankara kamili, la sivyo makato ya alama ya mwezi huo yanafutwa. Kifungu hiki wahasibu hukichukia, lakini ndicho kinachowafanya wasogeze faili.

Kantini ni kitabu kingine

Hapa chuo hakilipi, kinapokea kodi ya pango, na kishawishi ni kuipandisha. Kila shilingi ya pango huingia kwenye sahani. Toza pango dogo, dhibiti sahani: bei ya juu ya wali maharage na ugali samaki iandikwe ukutani, na kipimo cha wali uliopikwa kisipungue gramu 400, kikipimwa kwa mizani ya chuo. Wahudumu wapimwe afya kila miezi 6, vyeti vikae kaunta. Jiko liwe la gesi, kwa sababu Serikali imekataza kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku.

Mwanafunzi mwenye mkopo anakula kwa boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wake. Likichelewa anakopa, na mama lishe mwenye madeni ya wanafunzi 60 hawezi kununua mchele kesho yake. Chuo kisidhamini madeni hayo. Kinachoweza ni kusamehe pango la mwezi ambao boom limechelewa, na kuruhusu watoa huduma wawili badala ya mmoja, ili mmoja akifunga wanafunzi wasiishie kwenye ming'oko (viazi vya porini) ya barabarani.

Siku ya kukabidhiana

Siku 30 kabla mkataba haujaisha, mzabuni anayetoka na chuo wazunguke pamoja na orodha ile ya mwanzo: idadi ya mapipa, mabomba yanayovuja, vitasa, taa. Picha zipigwe pande zote mbili. Funguo zirudi zikihesabiwa, na kitasa ambacho ufunguo wake haupo kibadilishwe siku hiyo kwa gharama ya mzabuni anayetoka. Malipo ya mwezi wa mwisho yashikwe hadi wafanyakazi wake wasaini kwamba wamelipwa mshahara na malipo ya likizo. Mzabuni mpya aingie siku 3 kabla, na kama anataka kuwachukua wasafishaji wa zamani, awafanyie usaili nje ya muda wa zamu.